Mafunzo ya uongozi na kazi kwa wanafunzi wa vyuo Mwanza: maswali tunayoulizwa kila mara

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, simu yangu hujaa ujumbe kutoka Malimbe, Bugando, Nyakato na Nyegezi. Wanaouliza ni wapya kila mara, maswali ni yaleyale. Nimekuwa mlezi wa vikundi vya wanafunzi hapa Mwanza kwa miaka tisa sasa, na mwaka huu nimeamua kuyaweka majibu mahali pamoja. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo nimeona vijana wakiumia.

Mafunzo haya ni nini hasa? Mbona darasani tayari tuna somo la ujasiriamali?

Darasani unafundishwa mchanganuo wa biashara, unaandika wa kwako, mwalimu anausahihisha, unapata alama 14 kati ya 20, mambo yanaishia hapo. Mchanganuo ukiwa na kosa hakuna anayekula hasara. Kwenye mafunzo haya kuna watu upande wa pili: mama anayeanika dagaa Igombe, kinyozi wa Mkolani, wanachama wa VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, Buhongwa. Ukikosea hesabu wao ndio wanaoumia, na watakuja kukuuliza. Kwangu mimi uongozi unaanzia hapo, siku unapodaiwa maelezo na mtu mwenye haki ya kuyadai.

Kwa vitendo utajifunza kuendesha kikao na kuandika muhtasari wake, kutunza fedha zisizo zako, kusema mbele ya watu, kuandika barua ya maombi na wasifu, kujiandaa kwa usaili, na zaidi ya yote kubeba mradi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho na watu wa mtaani.

Si jambo geni huku kwetu. Usukumani vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, waliyemchagua wenyewe awaongoze kwenye kazi za pamoja kama kulima shamba la mtu. Kila kijana alimwona akifanya kazi. Akizembea au akipendelea, aliambiwa palepale shambani.

Lazima niwe nasoma biashara?

Hapana. Kikundi cha wanafunzi wa uhasibu watupu huwa nakihofia kidogo, kwa sababu wote wanaona kitu kilekile. Tumewahi kuwa na mwanafunzi wa chuo cha uvuvi cha Nyegezi aliyetusaidia kuliko sisi wote tukijumlishwa, maana alijua samaki anaharibika kwa nini. Wanafunzi wa uuguzi wanajua kumhoji mtu bila kumtisha. Wa ualimu wanajua kumweleza mtu mzima jambo bila kumfanya ajione mtoto.

Ni programu zipi ambazo mwanafunzi wa Mwanza anaweza kujiunga nazo?

Zipo za aina nyingi, nami nitataja chache ninazozifahamu vizuri.

Rotaract ni vilabu vya vijana vilivyo chini ya familia ya Rotary. Vilianza Marekani mwaka 1968, na tangu 2020 kikomo cha juu cha umri, ambacho kilikuwa miaka 30, kiliondolewa. Umri wa chini ni miaka 18. Uzuri wa Rotaract kwa Mwanza ni kwamba unakutana uso kwa uso na wafanyabiashara, madaktari na wanasheria wa mjini hapa, watu ambao mwaka wa tatu utawahitaji wakupokee fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Kwa walio sekondari kuna Interact, ya miaka 12 hadi 18.

Enactus ilianza Marekani mwaka 1975 kwa jina la SIFE, ikabadili jina mwaka 2012. Timu ya wanafunzi inachagua tatizo la jamii, inalitafutia suluhisho la kibiashara, halafu inasimama mbele ya waamuzi kueleza matokeo. AIESEC, iliyozaliwa Ulaya mwaka 1948 baada ya vita, inajikita zaidi katika kubadilishana wanafunzi kati ya nchi na nchi. Kabla hujajaza fomu, ulizia kama chuoni kwako kuna timu iliyo hai sasa hivi. Timu za wanafunzi hufa na kufufuka kulingana na nani yuko mwaka wa pili.

Kwa mwenye biashara changa au wazo la biashara, Taasisi ya Tony Elumelu ya Nigeria imekuwa ikipokea maombi ya vijana wa Afrika nzima tangu 2015. Mtaji wanaotoa kwa wanaochaguliwa ni dola 5,000 zisizorejeshwa, pamoja na mafunzo na mlezi. Maombi yao kwa kawaida hufunguliwa Januari mosi, kwa hiyo ukianza kuandika Februari mwishoni umeshachelewa.

YALI, mpango wa viongozi vijana wa Afrika ulioanzishwa na Rais Barack Obama mwaka 2010, umewapitisha Watanzania wengi, hasa kwenye kituo chake cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi. Ila programu inayolipiwa na serikali ya nchi nyingine huyumba siasa za huko zikibadilika. Thibitisha kwanza kama dirisha liko wazi kabla hujajenga ndoto juu yake.

Kwa waliohitimu, wakala wa huduma za ajira wa serikali, TaESA, huratibu mafunzo ya utarajali. Hii si programu ya uongozi kwa jina, lakini miezi kadhaa ndani ya ofisi ya kweli, chini ya msimamizi anayekusahihisha barua mara nne, inafundisha mengi kuliko semina kumi.

Na usidharau vya hapohapo chuoni: serikali ya wanafunzi, kwaya, jumuiya za dini, uwakilishi wa darasa. Mwakilishi wa darasa anayepeleka malalamiko ya wenzake 300 kwa mkuu wa idara na kurudi na jibu, yuko kwenye mafunzo ya uongozi hata kama hakuna aliyemwambia hivyo.

Yanagharimu kiasi gani?

Vilabu vingi vina ada ndogo ya mwanachama, na utatumia nauli. Zaidi ya hapo, kuwa macho. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Hongera, umechaguliwa kuhudhuria mkutano wa viongozi vijana, tuma elfu hamsini ya usajili kwenye namba hii." Nimeshaona wanafunzi wakitoa bumu lao lote la muhula, yaani fedha zao za kujikimu za mkopo wa chuo, kwa mkutano usiokuwepo. Programu ya heshima haikuchagui kabla hujaomba, na haipokei ada kwa namba binafsi ya mtu. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, mpigie mtu aliyekwisha kuhudhuria. Kama hakuna hata mmoja unayeweza kumfikia, acha.

Nitapata muda? Sitaki sapu.

Swali zuri, na jibu langu linawaudhi baadhi ya viongozi wa vilabu: masomo kwanza. Mwanafunzi anayepata sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, kwa sababu ya kikundi hatabaki kwenye kikundi hicho kwa muda mrefu, na wazazi wake watakuwa na haki ya kukasirika. Saa tano hadi sita kwa wiki zinatosha. Wiki tatu kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula sisi tunasimamisha vikao vyote, isipokuwa mweka hazina, ambaye anafunga daftari la mwezi kama kawaida. Mwaka wa kwanza jiunge na kimoja tu. Nimekutana na kijana mwenye vyeo vitano kwenye wasifu wake, na hakuweza kunieleza hata kimoja alifanya nini.

Tunataka kuanza mradi wa jamii. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kukaa na watu bila kuwafundisha chochote. Nitawaeleza kilichotufundisha hilo.

Mwaka mmoja kikundi cha wanafunzi 12 kilichagua kufanya kazi na akina mama wanaoanika dagaa mwaloni Igombe, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki. Walikuwa wamesoma kwamba dagaa wakianikwa chini hushika mchanga, na mvua ikiwakuta huoza, kwa hiyo suluhisho ni kuwaanika juu ya vichanja. Yote kweli. Wakapanga semina ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, wakachapisha bango, wakakodi viti 60. Walikuja akina mama wanne. Wawili waliondoka kabla ya saa nne.

Wanafunzi waliamini watu wa mwalo hawapendi maendeleo. Nililisikia hilo kwa masikio yangu kwenye daladala wakati wa kurudi, na liliniumiza, kwa sababu kosa lilikuwa letu, na langu zaidi kama mlezi. Tulikwenda wakati wa giza, zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi unapokuwa mpevu taa haziwavuti, basi mitumbwi inapumzika siku kadhaa mpaka usiku urudi kuwa mweusi. Mwaloni mwezi mzima umegawanyika hivyo. Wakati wa giza mitumbwi inarudi alfajiri imejaa, na mama anayenunua, kuosha, kuanika, kugeuza na kuanua hana dakika ya kukaa kwenye kiti cha kukodi. Wakati wa mbalamwezi ndipo watu wanafua, wanakwenda kliniki, wanahudhuria misiba waliyoikosa, na wana nafasi ya kusikiliza wageni. Sisi tulikuwa tumepanga kwa kalenda ya chuo.

Mwenyekiti wa kikundi, binti wa mwaka wa pili, alirudi Igombe peke yake Jumanne iliyofuata. Alifika saa kumi na mbili asubuhi, akamsalimia mama mmoja kati ya wale wanne, akapewa ndoo. "Leo hunifundishi, mwanangu?" mama akamuuliza. Akamjibu, "Leo nimekuja kusaidia, mama." Aliosha dagaa mpaka saa tano. Alirudi mabwenini ananuka, na akiwa na taarifa ambayo semina isingemletea hata ingejaa viti vyote.

Vichanja walivijua siku nyingi. Kilichowashinda ni gharama ya mbao na nyavu. Na shida iliyokuwa ikiwauma kila siku ilikuwa ndoo. Walinunua mitumbwini kwa ndoo iliyojazwa usawa wa mdomo, na wachuuzi waliokuja kununua dagaa wakavu walitaka ndoo ijazwe mpaka ipande kilima. Kila ndoo waliyouza walikuwa wanatoa kilima cha bure. Pia hakuna aliyekuwa ameandika ndoo ngapi mbichi zinatoa ndoo moja kavu.

Wanafunzi wakaacha kila walichopanga, wakanunua madaftari. Kwa giza zima, kila asubuhi wawili kati yao walikaa mwaloni wakiandika: mbichi ngapi, kavu ngapi, maji, mbebaji, mauzo. Mama mmoja alikuwa na uhakika kwamba ndoo tatu mbichi zinampa moja kavu. Daftari lilionyesha ni karibu nne. Siku tatu kati ya kumi na nane alikuwa ameuza kwa hasara bila kujua. Mbalamwezi ilipokuja, wanafunzi waliwasomea akina mama hesabu zao wenyewe chini ya mwembe, bila viti vya kukodi. Walikuja 31. Wakakubaliana kuuza kwa ndoo moja yenye mstari mwekundu uliochorwa kwa rangi ya mlango, na dagaa hawapiti mstari.

Vichanja vilijengwa mwaka uliofuata, kwa fedha zao.

Kwa hiyo ukiniuliza muanzie wapi: nendeni mahali, asubuhi na mapema, mara tatu, kabla hamjapeleka wazo lolote. Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa mjitambulishe. Kama ni mwaloni, onaneni pia na viongozi wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia rasilimali za uvuvi, maana wao ndio wenye eneo. Ulizeni watu hutumia muda gani kwa kitu gani. Tatizo mtakaloondoka nalo huenda lisifanane na lile mlilokuja nalo.

Fedha za kikundi tuzitunzeje?

Hapa naomba unisome kwa makini.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa mweka hazina. Fedha zilikaa kwenye simu yangu, kwenye laini yangu, kwa sababu ilikuwa rahisi. Muhula mmoja bumu lilichelewa, nami nilikuwa na deni la chumba. Nikaazima elfu themanini za kikundi. Nilikuwa na nia ya kurudisha wiki ileile. Nilirudisha baada ya wiki saba, na katika wiki hizo saba nilikwepa vikao viwili, nikasema naumwa, na nikamwangalia rafiki yangu mwenyekiti usoni nikamwambia kila kitu kiko sawa. Hakuna aliyegundua. Mpaka leo nikimwona mjini moyo unashtuka.

Sikuwa mwizi, na ninaamini wengi wanaoharibu fedha za vikundi hawakuanza na nia ya wizi. Walikuwa na shida, na hela ilikuwa mfukoni. Ndiyo sababu siku hizi siwahubirii vijana uaminifu kabla sijawapa utaratibu. Fungueni akaunti ya kikundi benki. Watawadai katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti, barua ya utambulisho na vitambulisho vya watia saini. Watia saini wawe watatu, na hela isitoke bila angalau wawili. Kama bado mnatumia simu, kila muamala upigwe picha na kutumwa kwenye kundi la wanachama siku hiyohiyo. Mweka hazina asiwe mwandishi wa stakabadhi na pia mnunuzi wa vifaa. Na kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote, hata kama mwezi huo mmetumia elfu nne za steshenari tu. Kusoma elfu nne kwa sauti kunawazoesha wote, msomaji na wasikilizaji, ili siku ya milioni nne isionekane kama mtu anamshuku mwenzake.

Na mkimwona mweka hazina wenu ana shida, mchangieni kabla hajalazimika kuchagua.

Kuna kiongozi wa hapahapa tunayeweza kujifunza kwake?

Mimi huwarudisha kwenye pamba. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakilalamikia mizani ya wanunuzi: unapeleka pamba, inapimwa, unaambiwa uzito ambao unajua si wake. Walichofanya ni kuweka wapimaji wao wenyewe, watu waliowaamini, wakasimama penye mizani. Kutoka kwenye jambo dogo kama hilo vikaota vyama vya ushirika. Paul Bomani, aliyezaliwa 1925 na kuanza kama karani na katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, aliongoza chama cha wakulima cha jimbo la Ziwa kilichoundwa 1952, akaenda kusoma mambo ya ushirika Uingereza, akarudi. Mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mashuhuri kama VFCU, ikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Ninapenda wanafunzi wajue pia kilichofuata, kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, na kwamba vingi havikupata tena imani ya wakulima waliyokuwa nayo mwanzoni. Imani hiyo ilijengwa penye mizani, na akina mama wa Igombe wenye ndoo ya mstari mwekundu wanafanya jambo lilelile.

Nina haya. Siwezi kusema mbele ya watu. Naweza kuwa kiongozi?

Ndiyo. Yule binti wa Igombe alikuwa akitetemeka sauti kila alipofungua kikao. Dawa tunayotumia ni ya polepole: wiki ya kwanza unasoma muhtasari ambao umeandikwa tayari, ya pili unatoa taarifa ya dakika mbili ya jambo ulilolifanya kwa mikono yako, ya tatu unaulizwa maswali matatu. Mtu husema vizuri anapokuwa na kitu cha kusema. Wanaosema sana bila kufanya tunao wa kutosha.

Na Kiingereza?

Maombi mengi ya nje huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kijifunze kwa bidii. Lakini vikao vyetu tunaviendesha kwa Kiswahili, na mwaloni wakati mwingine Kisukuma au Kikerewe kinahitajika zaidi. Nimeona mwanafunzi mwenye Kiingereza kizuri akishindwa kumweleza bibi wa miaka sabini riba ni nini. Andika wazo lako kwanza kwa Kiswahili mpaka wewe mwenyewe ulielewe, ndipo ulihamishe.

Mimi ni msichana. Kuna jambo la kuangalia?

Kuna mawili. La kwanza, angalia kama kila mwaka wasichana ndio makatibu na wapishi wa mkutano, na wavulana ndio wenyeviti. Kama ni hivyo, lisemeni kwenye kikao, mbele ya wote, na mgombee. La pili ni zito zaidi. Mlezi, mfadhili au kiongozi yeyote anayetaka mkutane naye peke yenu usiku, au hotelini, au anayeunganisha nafasi ya safari na urafiki, mkimbie na utoe taarifa kwa mlezi wa wanafunzi au dawati la jinsia la polisi. Sisi tuna kanuni kwamba mlezi hukutana na mwanafunzi mchana, mahali pa wazi, na mwenzake akijua. Inanihusu mimi pia, na sioni kama ni kunidharau.

Nimpateje mlezi wa kazi?

Usimwendee mtu na "naomba uwe mlezi wangu." Ni mzigo usiokuwa na umbo. Mwendee na swali moja la kweli: "Shikamoo kaka, ninaandaa fildi kwenye ghala la samaki, ningependa kujua wanaotunza kumbukumbu za stoo wanaanza saa ngapi na wanatumia fomu gani." Mtu mwenye kazi nyingi atakupa dakika kumi kwa swali la namna hiyo. Kitumie alichokuambia, kisha rudi umweleze kilivyokwenda. Ukirudi mara ya tatu ameshakuwa mlezi wako bila kutangaziwa.

Cheti kina thamani gani kwenye ajira?

Kidogo kuliko unavyodhani. Nimekaa kwenye usaili upande wa wanaouliza. Vyeti vya semina tunavipita haraka. Tunasimama kwenye mstari unaoeleza jambo lililofanyika. Linganisha hii miwili. Wa kwanza: "Nina uwezo mkubwa wa uongozi na kufanya kazi katika mazingira magumu." Wa pili: "Mweka hazina wa kikundi cha wanafunzi 12. Nilitunza daftari la mapato na matumizi na kusoma taarifa ya fedha mbele ya wanachama kila mwezi kwa mwaka mzima." Wa pili unanifanya niulize swali, na mwenye kuliishi jambo hilo ataongea dakika tano bila kukwama. Andika uliyoyafanya. Na usiandike usiyoyafanya, maana swali la pili tu linakufichua.

Kikundi chetu kimekuwa biashara. Tusajili wapi?

Kama ni kikundi cha kijamii cha uzalishaji, anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ndani ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kutegemea mlipo. Kama ni jina la biashara au kampuni, ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, na mtahitaji namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato, bila malipo, asikutoze mtu.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa maoni yangu msiombe mkopo huo mkiwa bado wanafunzi mnaotawanyika kila likizo. Mkopo usio na riba bado ni deni, na fedha hizo ni za kikundi kinachofuata kwenye foleni.

Baba anasema hii ni siasa na itaniharibia masomo.

Mwalike. Sisemi kwa mzaha. Mlete kwenye kikao cha kusoma daftari, au kama yuko mbali Kwimba au Ukerewe, mpigie umweleze mnachofanya na mnatumia saa ngapi. Vikundi vyetu havina chama wala havipokei wagombea. Mwanachama akitaka siasa ni haki yake, akafanye nje ya kikundi na bila jina la kikundi.

Kikundi chetu hufa kila waanzilishi wakihitimu. Tufanyeje?

Ninyi si wa kwanza. Chanzo huwa kimoja: wa mwaka wa tatu wanashika kila kitu mpaka wiki ya mwisho, halafu wanakabidhi mfuko wa makaratasi. Fanyeni uchaguzi Januari, si Juni. Viongozi wapya wafanye kazi miezi minne wakiwa na wa zamani pembeni, wakikosea huku kuna wa kuwaonyesha. Nywila za barua pepe, katiba, madaftari, namba za watu wa mwaloni na deni lolote, vyote viorodheshwe na kusainiwa na pande mbili. Waanzilishi wawapeleke warithi wao kwa watu, mmoja mmoja: huyu ndiye atakayekuja badala yangu, mama.

Igombe tulifanya hivyo mwaka jana. Mwenyekiti anayeondoka alimpeleka mpya alfajiri, wakati wa giza. Yule mama akamtazama kijana kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akampa ndoo.